Macho Yalikuwa Wapi, Mikono Ilikuwa Wapi

Madam,

Ungekuwa hapa ungeniuliza kwanza kama nimekula. Nimekula. Ni Jumapili, nimetoka kanisani, nimekaa kwenye stuli nje ya nyumba yangu hapa Kibomet, na kunde za jana nimezimaliza na ugali bila kuongeza chumvi mezani. Kwa hiyo hilo tuliweke kando.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu barua ya Kiingereza ungeisoma kalamu ikiwa mkononi, na leo sitaki kusahihishwa. Leo nataka kukushukuru. Nina kesi ya kukusimulia pia, ile ya mama wa Saboti aliyeshtakiwa kwamba ameingia kwenye stoo ya jirani yake na kuiba mbolea. Ni kesi yangu ya kwanza nzito bila wewe. Mwanamke wa watu amesimama kizimbani, ana watoto nyumbani, kifungo kinamsubiri, na kila neno lake lilikuwa lazima lipite mdomoni mwangu kabla ya kuingia kwenye rekodi ya hakimu, ambayo huandikwa kwa Kiingereza. Nilitamani sana ungekuwa kwenye benchi nyuma yangu, ukikohoa kile kikohozi chako cha kunionya.

Tangu uondoke mambo hayajabadilika sana, na hilo ndilo linaniuma. Ungedhani mahakama ingesimama kidogo. Haikusimama. Kiti chako kimepewa karani mpya, msichana mwenye adabu, anaweka mkoba wake pale ulipokuwa ukiweka kamusi yako iliyochakaa. Mwenye kibanda cha chai huko nyuma amepunguza mandazi tena na hakuna wa kugombana naye. Nilijaribu mimi. Akaniangalia akasema, "Wewe si Madam, bana. Kula unyamaze." Nikala nikanyamaza.

Watu huniuliza nilijifunzia wapi kazi ya ukalimani. Nikiwaambia nilianzia kwenye duka la misumari wanafikiri ninawatania. Ulinikuta nikiuza katika duka la vifaa vya ujenzi la mzee mmoja Singasinga, pale mjini Kitale. Mzee mwenyewe Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu, lakini mwanawe alikuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo na Kiswahili kimemtoka, basi mimi nikawa nasimama kati yake na wateja. Siku hiyo ulikuja kununua kufuli. Mbele yako kulikuwa na mkulima aliyeshuka kutoka mlimani, gambuti zimejaa matope, akaniambia anatafuta bawaba za mlango. Nikamgeukia yule kijana nikamwambia, tena kwa sauti ya mtu anayejiamini, "He is searching for hinges."

Ukacheka. Nilikasirika kidogo, nakwambia ukweli, kwa sababu nilikuwa najiona mtu wa Kiingereza. Lakini ulinieleza kwa upole kwamba mkulima wa watu ameingia sasa hivi, hajagusa hata rafu moja, anaangaza macho tu, kwa hiyo bado yuko kwenye "looking for". Akianza kupindua maboksi yenu, ukasema, hapo mpeni hiyo "search" yenu. Ukalipia kufuli yako ukaenda. Baada ya siku chache ulirudi, hukununua kitu, ukaniuliza kama ningependa kazi ambayo mtu analipwa kwa kusikiliza. Nilipomsimulia mke wangu alidhani unauza bima.

Nilikuwa mtu wa dukani, Madam. Hakuna mtu aliyekuwa ananitafuta kwa neno lolote, si "look for" wala "search". Wewe uliingia kununua kufuli ukaniona. Hilo sijui nilishukuru lini vizuri, kwa hiyo nalishukuru sasa.

Halafu zikaja zile Jumamosi za kwako Tuwan. Unachambua maharagwe jikoni, mimi nafundishwa. Hukunipa kitabu hata kimoja mwanzoni. Siku moja ukanituma sebuleni nikuletee miwani. Nilitazama mezani, nikatazama dirishani, nikainua mito ya makochi, nikafungua droo, mwisho nikaikuta chini ya gazeti. Nilipokuletea hukuipokea. Ukaniuliza nilifanya nini huko ndani. Nikasema nimetafuta miwani.

"Kutafuta najua," ukasema. "Macho yalikuwa wapi? Mikono ilikuwa wapi?"

Nilidhani umechoka, au sukari imepanda. Kumbe ndiyo shule yenyewe. Ukanirudisha sebuleni nikafanya kila kitu tena, pole pole, wewe umesimama mlangoni na ungo. Nilipokuwa nazungusha macho tu, mikono ikining'inia, ukasema hiyo ni "look for". Nilipoinua mto na kutia mkono ndani ya droo ukasema sasa umeanza "search", sasa unagusa, unafungua, unapindua. Na ukinisikia nikisema "search" halafu nimtaje mtu palepale bila ile "for", ukasema, nijue nimempekua yule mtu mwenyewe, mifuko na soksi. Ukanipa mfano wa shahidi anayesema polisi walimtafuta siku kadhaa. Mkalimani mvivu anasema "the police searched him", na mtu ambaye hata hawajamwona ameshavuliwa viatu. Neno kwenye kamusi nikaambiwa ni "look up". "Seek" ukaniagiza niwaachie wahubiri na mawakili, kwa sababu hujaona mtu anayemtafuta mbuzi kwa "seek". Nikakuuliza, je, mtu anayetafuta kazi? Ukawaza kidogo, ukasema huyo mpe neno lolote, maana anatumia macho, mikono na magoti.

Tulicheka mpaka maharagwe yakamwagika. Ukaniambia niyaokote, na kwamba huko chini ya meza sasa nilikuwa nafanya zote mbili.

Lakini ulisema pia jambo ambalo sikulielewa. Ulisema nisijaribu kumsaidia mtu kizimbani. Nikikuta neno tamu na neno chungu, nisichague tamu kwa sababu nimemhurumia. Ukasema huko kumsaidia ndiko kunakoweza kumfunga. Nilikuuliza kwa vipi, ukasema nichambue maharagwe.

Kisha ukaanza kuumwa ule mguu. Ukaomba likizo, ukaenda nyumbani Bungoma ukae karibu na mama yako. Nilipokuja kukuona ulikuwa umekonda, lakini swali lako la kwanza lilikuwa ni kesi gani inaendelea. Nikakusimulia, mama yako amekaa pale kitandani kwako anasikiliza ingawa hakuelewa hata neno, kwa sababu tulikuwa tunazungumza Kiingereza kama kawaida yetu. Ulipoona anatutazama, ukaanza kumsimulia upya kwa Lubukusu. Mwenyewe ulikuwa huna pumzi. Ulisimulia kesi nzima.

Kazi yangu ya kwanza bila wewe, Madam, ilikuwa mazishi yako.

Sikupangwa. Watu walijaa chini ya hema, wakubwa wetu wakaja, na kila aliyeshika maikrofoni akaanza Kiingereza, kwa heshima yako nadhani. Mama yako alikuwa ameketi mbele na leso yake, anatazama midomo ya watu. Sikuweza kuvumilia. Nikaenda nikakaa kwenye nyasi karibu na kiti chake, nikaanza kumnong'onezea kwa Lubukusu, sentensi baada ya sentensi, kama ulivyonifundisha, bila kuongeza, bila kupunguza. Nilikuwa nalia na natafsiri. Sikujua kama vitu hivyo viwili vinaweza kufanywa na mdomo mmoja. Bwana mmoja akasema kwa Kiingereza kwamba tutatafuta mwingine kama wewe na hatutampata. Nikampa mama yako hivyo hivyo.

Akainama sikioni kwangu akasema, "Waambie wasihangaike. Nilizaa mmoja."

Sikuwaambia. Hakuwa anahutubia hema, alikuwa anaongea na mimi. Lakini nilicheka, pale matangani, mbele ya jeneza lako, na nikajua uliutoa wapi ulimi wako.

Sasa kesi.

Tumwite Mama Chebet. Ni mama wa makamo kutoka Saboti, mjane, analima kipande chake na ana kuku wachache. Jirani yake ni mkulima mwenye uwezo kidogo, ana stoo ya mabati ambamo anaweka magunia ya mahindi na mbolea ya kupandia. Siku moja jirani anatoka shambani anamkuta Mama Chebet ndani ya stoo, vumbi mpaka kwenye viwiko. Mama anasema amekuja kumtafuta kuku wake aliyeanza kutagia kwa watu. Jirani anamfukuza. Baadaye anahesabu mbolea yake anaona imepungua. Mambo yakaenda polisi, yakafika kwetu.

Jirani alikuwa ametoa ushahidi wake mapema, na mimi ndiye niliyemtafsiria. Alisema kwa uhakika kabisa kwamba magunia yote yalikuwa yameguswa, hata yale ya chini. Akasema mwizi ndiye aliyeyasogeza, na mwizi ni huyu. Mama Chebet hakuwa na wakili. Alikuwa na kaka yake kwenye benchi la nyuma na kofia mkononi.

Siku ya kujitetea akachagua kusema kwa Kiswahili. Mwendesha mashtaka akamuuliza kwa Kiingereza alikuwa akifanya nini ndani ya stoo ya mtu. Nikampa swali. Akajibu kwa sauti ndogo, "Mimi nilikuwa natafuta kuku yangu."

Kalamu ya hakimu ilikuwa imeinuka, inanisubiri. Na mimi, Madam, neno lilikuwa tayari limefika kwenye meno. "I was looking for my hen." Safi, jepesi, halina hatia. Mtu amesimama mlangoni anaangaza macho. Ukisema "search" ndani ya mahakama, harufu yake ni ya mtu anayepekua, na sikutaka harufu hiyo imkae mama yule. Alikuwa amevaa sweta la shule la mmoja wa watoto wake. Nilimhurumia kuliko inavyotakiwa.

Hapo ndipo nilipokusikia. Usinicheke. Nilikusikia kama ulivyosimama mlangoni na ungo, na nikagundua kwamba sijui. Sikujua mama huyu alitafuta vipi. Nilikuwa nakaribia kumchagulia mikono yake ilikuwa wapi.

Nikamwambia hakimu kwamba mkalimani anaomba ruhusa ya kumwomba shahidi afafanue jibu lake. Hakimu akakubali. Nikamgeukia Mama Chebet nikamuuliza alivyokuwa akitafuta, macho yake yalikuwa wapi na mikono yake ilikuwa wapi.

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa mvua hunyesha kutoka wapi. Kisha akaweka mkoba wake chini, akainama palepale kizimbani, akaanza kutuonyesha.

"Si ni hivi. Nainua gunia pembeni, naangalia chini yake. Kuku hayuko, narudisha. Naenda kwa ingine, nainua, naangalia, narudisha. Kuku akitaka kutaga huwa anajificha sana, na ukimtisha anahama. Lazima uende pole pole."

Alikuwa anafanya kwa mikono mitupu, lakini uliyaona magunia. Watu kwenye mabenchi wakaanza kutabasamu, maana hakuna mtu wa huku kwetu ambaye hajawahi kumfuatilia kuku hivyo. Mimi sikutabasamu. Nilijua sasa neno ni lipi, na lilikuwa lile chungu. Nikasema kwamba alikuwa "searching among the bags", kwamba aliinua gunia moja baada ya lingine akatazama chini, akalirudisha. Nililisema wazi mpaka mwisho. Nikaona kalamu ya hakimu ikiliandika. Nilidhani nimemfunga.

Mwendesha mashtaka akakaa vizuri. Akauliza, kwa hiyo anakubali kwamba aliyagusa magunia? Mama Chebet akajibu, "Niliyashika. Sasa nitainua aje bila kushika?" Nikatafsiri. Akaulizwa kama alibeba lolote. Akasema mkono mmoja ulikuwa na punje za mahindi za kumwitia kuku, na huo mwingine ulikuwa unainua, angebeba na nini. Nikatafsiri hilo pia. Hakimu akafunua kurasa za nyuma, akasoma, kisha akamwita yule jirani arudi ajibu jambo moja. Alipoyakuta magunia yameguswa, yalikuwa yametupwa chini au yamepangwa? Jirani akasema yalikuwa yamepangwa, ila hayakukaa vile alivyoyaacha, yalikuwa yamekaa upande upande. Hakimu akaandika. Mimi nikakanyaga mguu wangu mwenyewe chini ya meza, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuelewa.

Kuna mtu alikuwa ameinua kila gunia la stoo ile, hata yale ya chini, na akayarudisha. Kama mimi ningempa hakimu mwanamke aliyesimama mlangoni akiangaza macho, hakimu angeuliza, basi magunia haya yamesogezwa na nani? Na Mama Chebet, ambaye hakudanganya hata neno moja, angeonekana mwongo kwa sababu ya huruma yangu. Lile neno tamu ndilo lingempeleka jela. Ulijaribu kuniambia nikiwa nachambua maharagwe.

Uamuzi ulisomwa wiki kadhaa baadaye. Wiki hizo sikulala vizuri. Kule Saboti watu walikuwa wanapanda, naye Mama Chebet, kaka yake aliniambia, alikuwa hajatia jembe kwenye shamba lake, anasema hawezi kupanda kitu ambacho labda hatakuwepo kukipalilia. Hakimu alisoma kwa Kiingereza, polepole, akinipa nafasi. Alisema mshtakiwa hakuficha kwamba aliinua magunia, na maelezo yake yanalingana na jinsi mlalamikaji mwenyewe alivyoyakuta. Akasema mtu aliyekuja kuiba hana sababu ya kulirudisha kila gunia mahali pake. Akasema upande wa mashtaka haukuthibitisha kesi yake.

Nikafika kwenye ile sentensi ya mwisho. Nikamwambia Mama Chebet kwamba ameachiliwa, aende nyumbani.

Akauliza, "Nyumbani sasa hivi?"

Kwa kuwa ni neno la mshtakiwa na mimi ni mkalimani, nikalitafsiri. Hakimu akavua miwani akamjibu mwenyewe kwa Kiswahili, "Sasa hivi, mama."

Mama Chebet alinikuta nje karibu na lango. Akanipa mikono yote miwili, akanishukuru kwa kumwongelea. Nikamweleza kwamba sikumwongelea, nilisema tu alichosema yeye. Akatikisa kichwa.

"Lakini uliniuliza," akasema. "Huko kwingine kote nimepita, hakuna mtu aliniuliza vile nilikuwa natafuta."

Nikamwambia aliyeuliza hakuwa mimi. Nikamwambia habari zako, pale pale langoni, watu wakitupita. Akauliza kwenu ni wapi, nikamwambia Bungoma. Akasema Mungu akulaze pema, akaenda na kaka yake, anatembea haraka kweli kweli, nadhani kwa sababu ya lile shamba.

Nilitaka kukuletea habari hii siku ile ile. Nimeshazoea hivyo. Kesi ikiisha nakuja kwako, unasikiliza unamenya ndizi, unaniambia niliharibu wapi. Nilitembea mpaka Tuwan nikiwa sijui ninakwenda wapi, nikafika karibu na ile nyumba yako, nikaona nguo za watu wengine kwenye kamba. Nikarudi. Niliumia, Madam. Sikujua shukrani inaweza kumwelemea mtu hivyo akikosa wa kumpa.

Ndiyo sababu Jumamosi iliyopita nilikwenda Bungoma. Nilimbebea mama yako majani ya chai, sukari na mkate. Nilimkuta nje kwenye mkeka amekunja miguu, anapepeta wimbi. Amepungua mwili, lakini macho bado yapo pale pale. Alinipokea vizuri, akalalamika kwamba mimi ndiye nimekonda, akampigia kelele mtoto wa jirani aweke maji motoni. Kisha akasema neno ambalo sikulitarajia. Akasema kila ukija nyumbani ulikuwa unamletea kesi. Wengine wanaletewa mkate, yeye analetewa kesi. Na tangu tukuzike hajasikia hata moja, kwa hiyo kama nina moja nimpe.

Nikampa. Nilimsimulia yote kwa Lubukusu, stoo, magunia, jirani, hakimu na kalamu yake. Nilipofika kwa Mama Chebet akiinama kizimbani, nilisimama nikainama na mimi, nikainua magunia ambayo hayapo. Nilimwambia jinsi ulivyonifundisha kwa miwani yako. Mama yako alicheka akitikisa mabega, akajipangusa macho na ncha ya leso. Sijui alikuwa anapangusa kicheko au wewe. Nilipomaliza, nilipofika pale "Sasa hivi, mama," nikakaa chini nikijiona nimesimulia vizuri sana.

Akapepeta kidogo. Halafu akaniuliza, "Na kuku?"

Nikamwambia, nikimwita bibi kwa Lubukusu, "Kuku gani, Kukhu?"

"Si huyo aliyekuwa anatafutwa. Alipatikana?"

Madam, kesi nzima ile. Jirani ameulizwa, mshtakiwa ameulizwa, hakimu amefunua kurasa, mimi nimehangaika na Kiingereza cha kutafuta mpaka nikakosa usingizi, tumeyainua magunia yale kwa lugha mbili. Na hakuna mtu hata mmoja kati yetu aliyekumbuka kuuliza habari za kuku. Hata pale langoni, mama wa watu amenishika mikono yote miwili, sikumuuliza.

"Sijui, Kukhu," nikasema.

Alinitazama. Si kwa hasira. Akachukua ungo wake tena akasema, kama mtu anayejisemea, "Nasimiyu angejua."

Ni kweli. Ungejua. Ungemfuata Mama Chebet mpaka barabarani na viatu vyako vile vya kelele umuulize, na ungerudi ofisini ukicheka, na jioni ungempigia mama yako simu. Mimi nilichukua kwako maneno yote ya kutafuta nikadhani nimemaliza masomo. Nililia pale mkekani na mama yako hakunizuia. Alinisogezea chai.

Kwa hiyo nakuahidi hivi. Jumamosi ijayo naenda Saboti. Sitaenda kama mtu wa mahakama, nitaenda kama mgeni, nitamsaidia Mama Chebet mstari mmoja au miwili ya kupalilia, halafu nitamuuliza. Jibu lolote atakalonipa nitalipeleka Bungoma kabla sijalipeleka kwa mtu mwingine yeyote. Na baada ya hilo nitampelekea mama yako kesi nyingine, na nyingine, maadamu ninafanya kazi hii na yeye anapumua.

Asante kwa kufuli ile. Asante kwa kila Jumamosi. Lala, Madam, pumzika, wala usimwazie mama yako. Atasimuliwa kila kitu mpaka mwisho, na kuku akiwemo.

Mwanafunzi wako,
Barasa